Picha ya Kutazamwa Mara Moja

Nilirudi na hina ya harusi adhana ya magharibi ikisikika Mengo nzima. Bibi yangu Hajara, ambaye sote tunamwita Jaja, alikuwa uani anatawadha.

"Umul, usifungue nywele saa hizi."

Kila siku hunionya hivyo. Hata nywele zinazobaki kwenye kitana huzifukia mwenyewe nyuma ya nyumba. Akizipata mtu mbaya, husema, ameshakupata wewe.

Lakini Fahim, mchumba wangu aliyeko Juba, alitaka picha moja tu. Nywele, bila mtandio.

"Wiki ijayo si mke wangu? Acha ubahili," aliniandikia.

Mimi si mzembe. Programu tunayotumia hufunga ujumbe, hata wenye kampuni hawausomi. Tulishalinganisha namba zetu za usalama kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu; zikifanana, hakuna mtu wa tatu kati yetu. Nilifunga mlango kwa ufunguo. Niliipa kamera kisogo ili uso usionekane. Nikaweka picha ifunguke mara moja tu, kisha ifutike.

Nikafungua nywele. Nikatuma.

Alama ikatokea: imefunguliwa.

Papo hapo Fahim akapiga simu.

"Mbona hutumi? Unamwogopa Jaja?"

"Acha utani. Umeshaifungua."

"Wallahi sijaona kitu."

Nikashusha simu, nikatazama kioo chake. Chini ya jina la Fahim kulikuwa na nukta tatu, zinacheza...

"Fahim," nilinong'ona, "unaandika?"

"Naandikaje na ninaongea na wewe?"

Nukta zikatoweka, ujumbe ukaingia.

*Nzuri. Nimechukua kidogo.*

Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa chumbani. Nikapeleka mkono kisogoni. Vidole vikapita mahali patupu... Shungi zima halikuwepo, limekatwa sawasawa, kama kwa mkasi. Sakafuni hapakuwa na hata unywele mmoja.

"Umul?" Jaja aligonga. "Nini kinaungua humo?"

Nilimsihi Fahim tulinganishe namba tena. Alizisoma moja moja, nami nikazifuata kwa kidole.

Zilifanana zote.

Hakuna aliyeingia katikati yetu. Basi nani...?

Simu ikatetemeka mkononi.

*Sasa nipe uso.*

Nimeifuta programu. Kamera nimeibandika plasta. Jaja amefukia hata simu yangu ya zamani nyuma ya nyumba, bila kuniuliza lolote, na usiku analala mlangoni kwangu.

Lakini harusi ni Jumamosi. Wageni wote watakuja na simu zao, kunipiga picha.