Kitu Kigumu Kwenye Kovu la Mama

Kila siku nikitoka shule navua sare, nakula, kisha nakaa kwenye kigoda kando ya cherehani ya mama na kushona vifungo. Mama yangu ni fundi nguo. Chumba chetu cha mbele ndicho karakana yake: meza ya kukatia, pasi, nguo zilizotundikwa ukuta mzima, na vipande vya vitambaa ambavyo baba hukanyaga kila akirudi kutoka kwenye kazi yake ya kuoka mikate. Hulalamika kwamba nyumba hii ukilala vibaya unashonwa. Mimi naitwa Kasuku. Baba ndiye aliyenipa jina hilo, kwa sababu nikilisikia jambo asubuhi, kufika mchana mtaa mzima unalo. Sikatai, mdomo wangu hauna kufuli.

Ndiyo maana nilishangaa siku mama aliponiamini kwa siri.

Alikuwa anajipimia gauni lake mwenyewe, nami namshikia pini. Ghafla akasimama, akagusa titi la kushoto, pale penye kovu. Miaka mitatu kabla ya hapo madaktari walimkuta na saratani ya titi ikiwa bado changa. Walitoa uvimbe, wakampa tiba ya mionzi kwa wiki kadhaa, akapata nafuu na kurudi kwenye cherehani yake.

"Hebu shika hapa," akaniambia.

Nikagusa. Palikuwa na kitu kigumu, kidogo kama harage.

"Mama, imerudi?"

"Imerudi nini? Hilo ni fundo la uzi. Mimi ni fundi, Kasuku. Ukimaliza mshono lazima ufunge fundo, na fundo hubaki upande wa ndani. Daktari naye ni fundi tu, ila yeye anashona watu."

Akacheka, nami nikacheka. Maneno yake yaliniingia akilini, maana siku hiyo mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga mafundo yasiyopungua arobaini. Kisha akaongeza, "Usimwambie baba yako. Atanisumbua, na tuna sare za shule nzima za kumaliza."

Wiki iliyofuata simu ya mama iliita nikaipokea mimi. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya saratani, anakumbusha tarehe ya mama ya kupimwa, ile ya kila mwaka. Mama akatikisa kichwa na kunionyesha mlango kwa ncha ya mkasi. Nikaelewa.

"Mama amesafiri," nikasema.

"Atarudi lini, mwanangu?"

"Sijui."

Nilikuwa nimezoea kusema sana, siyo kusema uongo. Tangu siku hiyo nikaanza kumtazama mama. Alikuwa akikanyaga cherehani kidogo, anasimama, mkono unakwenda kwenye kovu, anaendelea. Baada ya muda mfupi tena vilevile. Mtu anayeamini kweli kwamba ni uzi asingegusagusa hivyo. Nikajua kwamba mama anaogopa, na mimi nikaogopa zaidi yake. Darasani mwalimu aliniuliza kulikoni leo Kasuku kanyamaza, nikasema jino linaniuma. Huo ukawa uongo wa pili.

Muuguzi alipiga tena siku ya Ijumaa. "Mama amerudi safari?"

Mama akatikisa kichwa. Nilimtazama usoni, nikasema, "Shikamoo. Mama hajasafiri. Yuko hapa mbele yangu. Ana kitu kigumu kwenye kovu, anasema ni fundo la uzi. Nilikudanganya, nisamehe."

Muuguzi hakunigombeza. "Marahaba, mwanangu. Mpe mama simu."

Mama aliipokea. Alisema ndiyo, hapana, kama wiki mbili, haliumi, nimekuelewa. Alipomaliza aliniambia, "Kasuku ni kasuku tu," na hakunisemesha tena siku ile. Iliniuma sana. Lakini jioni, baba aliporudi, mama alimkalisha kwenye kiti na kumwambia yote mwenyewe. Baba, ambaye hakosi mzaha hata msibani, safari hii hakutania.

"Jumatatu sioki mikate," akasema. "Tunakwenda wote."

Hospitalini mama alimweleza daktari habari ya fundo. Daktari alikuwa mwanamke mtulivu mwenye miwani minene. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Uzi niliokushonea ndani ni wa aina inayoyeyuka. Uliisha wenyewe miezi michache tu baadaye."

"Uzi unayeyuka?" mama akauliza. "Mimi mteja akisikia hivyo atanirushia gauni usoni."

Daktari akacheka. Mama hakucheka, machozi yalianza kumtoka.

"Linaweza kuwa kovu lililokakamaa," daktari akasema kwa upole. "Linaweza kuwa mafuta yaliyoganda. Linaweza pia kuwa saratani. Vidole haviwezi kujua, viwe vyako au vyangu. Tutapiga picha, na tutachukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano kikapimwe."

Majibu yalipotoka, baba alitaka mimi nibaki nje. Mama akakataa. "Huyu ndiye aliyenileta hapa. Aingie."

Saratani ilikuwa imerudi, lakini kwenye titi lile lile tu. Picha za mapafu, ini na mifupa zilikuwa safi. Daktari akachora titi kwenye karatasi na kutueleza taratibu. Kwa kuwa mama alishapata mionzi, si rahisi kupigwa mionzi mahali pale pale mara ya pili, kwa hiyo yeye alishauri kuondoa titi lote. Kwa aina ya saratani ya mama, baadaye angemeza vidonge vya kuzuia homoni kwa miaka kadhaa. Huenda pia akahitaji dawa kali za dripu, lakini hilo lingeamuliwa baada ya kupima kilichotolewa. Kama angependa, angeweza kuundiwa titi jipya, siku hiyo hiyo ya upasuaji au hata mwaka ujao.

"Na mkono wangu?" mama akauliza. "Nitaweza kugeuza kitambaa?"

"Utakuwa mgumu mwanzoni. Kuna mazoezi, na kuna uwezekano wa kuvimba, tutaufuatilia. Upasuaji una hatari zake, sikufichi. Nenda nyumbani ufikiri, uandike maswali. Wiki moja si tatizo. Miezi ndiyo tatizo."

Mama aliandika maswali tisa nyuma ya karatasi ya vipimo vya nguo. Alirudi na kuyauliza yote, moja baada ya jingine, kisha akachagua: titi liondolewe, la kuundwa hataki kwa sasa. "Kama ni kujaza sidiria," alimwambia daktari, "hiyo kazi niachie mimi."

Upasuaji ulikwenda vizuri, na daktari akatuambia kwamba uvimbe wote umetoka. Siku ya tatu nikaruhusiwa kuingia wodini. Nilisimama mbali na kitanda.

"Bado umenikasirikia?" nikamwuliza mama.

"Nilikasirika, tena sana. Sogea hapa." Nikasogea. "Nilijua tangu siku ile ya kwanza kwamba si uzi. Niliogopa, nikakupa wewe uogope kwa niaba yangu, na uongo juu yake. Huo haukuwa mzigo wa mtoto. Sikiliza, mwanangu. Mambo ya mwili wa mtu ni yake, usiyatangaze mtaani. Lakini mtu akikutuma ufiche ugonjwa kwa wale wanaoweza kumtibu, hata akiwa mama yako, usikubali. Mwambie mtu mzima, siku hiyo hiyo. Mimi nilipoteza wiki mbili. Ungenyamaza, ningepoteza mwaka."

Nililia, na sikuona haya kulia mbele ya wagonjwa wengine. Mama akanifuta machozi kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulibaki juu ya mto, kama daktari alivyoagiza.