Lenzi ya Gaëlle na Kitambaa Safi

Ijumaa, saa mbili asubuhi, Gaëlle alifungua begi lake studioni akapiga ukelele uliomtoa fundi baiskeli wa jirani mbio. Canon yake, kamera ya kwanza kuinunua maishani, ilikuwemo. Lenzi haikuwemo. Kesho yake angepiga picha za arusi, kazi yake ya kwanza bila mwalimu, na lenzi nyingine hakuwa nayo.

Inspekta Ngalula alifika akakuta mlango mzima. Funguo za studio hiyo ya Kenya, komuni ya mji wao na si nchi, walikuwa nazo watu watatu tu: Gaëlle, mwenzake Jephté, na Papa Edouard aliyewafundisha wote wawili.

"Haina mimi, si mimi!" Jephté alisema kabla hajaulizwa. "Ni kweli, objectif, lenzi yangu, ilivunjika, na hii ya Gaëlle nilimuombaka. Lakini sikuiba."

"Na weye, Papa?"

Papa Edouard alicheka, mkono ukipapasa kifua ambapo kwa kawaida kamera yake ilining'inia. Leo kilikuwa kitupu.

"Mi niko muntu wa Nikon, mama. Huyu mutoto nilimuambia anunue Nikon, akakatala. Objectif ya Canon haiingie ku Nikon. Nitafanya nayo nini?"

Jibu safi kabisa. Studioni humo chapa za kamera zilikuwa kama timu za mpira: ukihama, utazomewa, na mzomeaji mkuu alikuwa Edouard mwenyewe. Ngalula alikaribia kuondoka na Jephté.

Kilichomzuia ni kitambaa. Tundu la kamera ya Gaëlle, pale lenzi inapoingia, lilifunikwa kitambaa safi na kukazwa kwa mpira. Mwizi gani huyu, anayeikinga mali ya aliyemwibia na vumbi jekundu la kiangazi?

"Ni weye ulifunga hivi?"

"Hapana," Gaëlle alijibu. "Ni Papa alitufundishaka: usiache appareil wazi, vumbi itaingia."

Ngalula akageukia meza ya Jephté. Canon yake ilikaa wazi, vumbi limejaa ndani. Huyu somo lilimpita pembeni.

"Papa Edouard, Nikon yako iko wapi leo?"

Mzee aliinama. Akavuta mfuko chini ya kiti. Ndani mlikuwa na Canon kuukuu isiyo na lenzi, nayo imefungwa kitambaa safi. Kando yake, lenzi ya Gaëlle.

"Nikon ilianguka mu mayi ya ziwa kule Kilwa," alisema polepole. "Ku Sakania, ku mupaka, nikapata hii, bila objectif. Jana mangaribi nilibeba objectif ya Gaëlle nijaribu tu ku nyumba, asubui nirudishe. Ikakatala kuingia. Leo nilichelewa, nikakuta analia."

"Juu ya nini haukuniomba?" Gaëlle alikuwa na hasira ya kweli.

"Ningekuomba na uso gani? Nilikuchekaka mbele ya bote, nikasema Canon ni ya batoto."

"Unamushitaki?" Ngalula aliuliza.

Gaëlle aliitoa lenzi mfukoni. Alimpa mzee, pamoja na Canon yake kuukuu. "Ingiza, nione."

Edouard aliizungusha kushoto, kama alivyoizoea Nikon miaka yote. Lenzi ikagoma. Gaëlle akaushika mkono wake, akauzungusha kuume, mpaka ikalia *tak*. Mzee akaitazama kwa mshangao, na machozi yakamlenga.

Kisha Gaëlle akaichomoa, akaifunga kwenye kamera yake mwenyewe.

"Kesho utakuya na mi ku ndoa. Utanibebea begi."

"Ndiyo, patronne, bosi yangu," alisema Papa Edouard.