Kihenge Chekundu cha Enesi

Kila alasiri, baada ya kuteka maji na kutwanga, wasichana wa shule ya misheni huko Hasamba walikusanyika barazani kwa Mwalimu Felista kushona. Vita vya dunia vilikuwa vimekwisha, lakini nguo bado zilikuwa adimu katika maduka ya Mlowo, na blanketi halikupatikana kabisa. Kwa hiyo waliunganisha vipande vya kitambaa cha marekani walivyotia rangi kwa mikono yao, wapate blanketi la mtoto Amoni.

Amoni alikuwa mdogo wake Marita. Mama yao alifariki siku alipomzaa, na sasa baridi ya Juni ilikuwa imeanza kumkohoza mtoto.

Mwalimu alitaka kila kipande kionyeshe kitu cha nyumbani. Roda alishona jembe. Enesi alishona kihenge chekundu, ghala dogo la nafaka. Marita alishona nyumba, na kuta zake alizikata kutoka kwenye kitambaa cheupe cha kichwa cha marehemu mama yake. Hakuwa na kumbukumbu nyingine.

Kabla ya kushona, Enesi alichemsha marekani yake pamoja na magome ya rangi aliyoletewa na Roda. Ilibaki kuisuuza mtoni mpaka maji yatoke safi. Lakini mto ulikuwa mbali na maji yalikuwa baridi. Vidole vikamfa ganzi. Akasuuza mara moja tu, akaanika.

"Umesuuza mpaka maji yakatoka meupe?" Mwalimu alimwuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

Blanketi lilipokamilika, likafuliwa. Marita ndiye aliyelitandaza juani, na ndiye aliyepiga yowe. Kihenge kilikuwa kimechuja, na wekundu wake ulikuwa umeenea juu ya nyumba yake, karibu ukuta mzima.

"Mama yangu!" alilia, akisugua kitambaa kwa kiganja. "Mama yangu jamani!"

Wote wakamgeukia Enesi. "Ni magome ya Roda," alisema. "Yalikuwa mabaya."

Roda, ambaye kila siku alimbeba Amoni mgongoni ili Marita apumzike, hata saa ile alikuwa naye mgongoni. Marita akamnyang'anya mtoto. "Usimguse tena mdogo wangu!"

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Roda alikaa peke yake nyuma ya darasa, hakuna aliyemsemesha. Marita alikataa kumfunika Amoni kwa blanketi lile lenye doa, na kikohozi chake kikazidi. Enesi alilichukua blanketi kwa siri akalipeleka mtoni, akalisugua kwa sabuni, kisha kwa maji ya majivu, mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Doa halikutoka. Aliketi juu ya jiwe akalia, kwa maana alijua halitatoka kamwe.

Alirudi akiwa ameloa, akasimama barazani mbele ya wote.

"Magome hayakuwa na kosa," alisema. "Sikusuuza. Nilimdanganya Mwalimu, halafu nikamsingizia Roda."

Marita aligeuza uso.

Mwalimu Felista alichukua wembe, akaanza kufumua mishono. Waligundua kwamba pembe moja ya ukuta, iliyokuwa mbali na kihenge, haikuguswa na rangi. Ilikuwa ndogo kama kiganja cha mtoto. Marita aliikata polepole, akaishona iwe mlango wa nyumba mpya. Kuta zilibidi ziwe za marekani ya kawaida.

Enesi alitia rangi kipande kingine cha kihenge, na safari hii Roda alikwenda naye mtoni. Jioni moja Amoni akafunikwa, akalala bila kutetemeka.

"Enesi," Mwalimu alisema, "ulipochoka ungeniambia, tungekwenda wote mtoni. Uvivu wako uliharibu kitambaa. Uongo wako ulimwacha Roda bila rafiki na mtoto bila blanketi wakati anaumwa. Kitambaa cha mama yake Marita hakirudi, hata ukitubu mara ngapi. Ndiyo maana ukweli husemwa mapema, kabla mwingine hajaumia."

"Nimesikia, Mwalimu."

Marita hakusema kwamba amesamehe. Alimchukua Amoni, akamweka mgongoni mwa Roda, kisha akampa Enesi mbeleko.

"Mfunge vizuri," alimwambia. "Asianguke."