Ua wa Mwanahalima

Jumamosi moja, kipupwe cha mwaka 1953 kikielekea ukingoni, soko la Kisarawe lilikuwa limefurika. Mwanahalima, mshonaji mjane wa miaka ishirini na sita, alishika jembe la mwisho la mhunzi. Papo hapo mkono mwingine mpana ukalishika.

"Bibie, hili si la kuchezea."

"Nani kakwambia nacheza? Ua wangu umekuwa pori."

"Pori la nini?"

"La upupu. Kuku akiingia, harudi."

Mwanamume akacheka, akaliachia jembe. Alivaa kaptura ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi na kofia ya kiua. Aliitwa Kitwana, mtunza bustani wa bomani.

"Chukua. Lakini kesho nije nione nani atamshinda mwenzake, wewe au upupu."

Mwanahalima aliivuta kanga yake nyekundu kichwani, akalipia jembe, akaondoka. Tabasamu, hata hivyo, lilimponyoka.

Jumapili Kitwana aliulizia nyumba ya mshonaji, akafika kweli. Walijipaka majivu mikononi, wakaukata upupu, na bado wakajikuna mpaka machozi yakawatoka kwa kicheko. Jumapili iliyofuata walipunguza michongoma. Ya tatu wakaanza mfereji, nalo hilo ndilo lililokuwa jambo kubwa. Kila masika maji ya mlimani yaliula ukuta wa nyuma, na mjomba wake, Mzee Mwinyimadi, aliyeisimamia nyumba hiyo, alikuwa ameapa kuiuza kabla ya vuli na kumchukua mpwa wake akaishi naye kijijini Maneromango.

"Mchaichai tuupande ukingoni," Kitwana alisema. "Mizizi yake inashika udongo."

"Na wewe nani atakushika usitoroke?"

"Mbona nimeshashikwa, mpenzi? Hujaona tu."

Mwanahalima akainamia udongo, uso ukimwaka.

Jumapili ya nne alitoka kupeleka nguo za mteja. Aliporudi akasikia sauti ya mjomba nyuma ya nyumba: "Nimekubali, mwanangu. Kuanzia leo hapa ni kwako." Kitwana alikuwa ameshika kamba ya kupimia, akitabasamu.

Damu ikamchemka. "Kumbe! Jasho lote lile ulikuwa unapima kiwanja cha kununua!"

"Halima, nisikilize..."

"Toka uani kwangu!"

Kitwana aliiweka kamba chini taratibu, akaenda zake. Mjomba naye aliitwa na Mwanahalima majina ambayo mpwa hamwiti mjombake, akaondoka kwa hasira bila kueleza lolote.

Majuma mawili alichimba peke yake. Mfereji ulisonga, lakini ua ulikuwa kimya mno. Siku ya kumi na tano Mzee Mwinyimadi akarudi.

"Shikamoo, mjomba. Nisamehe."

"Marahaba. Mchumba wako yuko wapi?"

"Mchumba?"

"Alikuja kuniomba ruhusa ya kuleta posa. Akanionyesha mfereji, akanisihi nisiiuze nyumba. Nikamwambia hapa ni kwake, kama mkwe. Ulidhani nini?"

Mwanahalima alitupa jembe chini. Alinawa udongo, akajitanda kanga, akapanda mlima mbiombio hadi bomani. Alimkuta Kitwana akimwagilia maua.

"Nilikukosea," alisema, akihema.

"Ulinifukuza kama mbuzi."

"Na wewe ulianza kwa mjomba. Mimi ndiye wa kuolewa, ukanisahau!"

Kitwana akatua ndoo. "Hapo kweli umenishika. Basi nakuuliza wewe. Nyumba ibaki yako, na mfereji wako. Mimi naomba tu nikae humo na wewe. Utanikubali?"

Mwanahalima akaichukua ndoo, akamwagilia maua mawili kwanza, makusudi.

"Walete washenga Ijumaa. Na usichelewe, maana nimeshachoka kula peke yangu."

Waliozeshwa mwezi uliofuata. Mvua ya kwanza ya vuli ilipopiga bati, walisimama mlango wa nyuma, bega kwa bega, wakatazama maji yakifika uani, yakapinda kufuata mfereji, yakashuka zake bondeni. Ukuta ulikuwa mkavu.