Redio ya Pangani Kwenye Kompyuta ya Ummy

Kila asubuhi wachimbaji wa dhahabu wa Nyangoto walipita mbele ya duka la Ummy wakiwa na sururu na makarai. Jioni walirudi, udongo umewaganda mpaka kwenye kope. Ummy aliwasalimia kwa Kikurya kidogo alichojifunza, wakacheka pamoja. Lakini usiku aliota kwa Kiswahili cha Pangani.

Yeye na mumewe Hamim walikuja huku mwaka 2006, kama wengine waliofuata dhahabu. Hamim alitengeneza pampu za kuvuta maji mashimoni. Ummy alifungua duka la kuchapa barua na kutoa kopi. Watu walimletea fomu za shule na barua za malalamiko ya mashamba.

Mama yake, Bi Shamimu, alibaki Pangani. Zamani walizungumza kwa simu kila Ijumaa. Kisha masikio ya mama yakachoka. Akipewa simu alisema, "Haloo? Haloo? Nani huyo?" Halafu alimrudishia simu mjukuu aliyeishi naye.

"Bibi anakusalimia," mjukuu alisema.

Ndiyo hivyo tu. Miaka mitatu Ummy alikuwa akipokea salamu, lakini hakuwa amezungumza na mama yake.

Siku moja kaka yake, Abdurahmani, alimpigia kutoka Pangani.

"Ummy, kuna vijana hapa wameanzisha redio ya mtandaoni. Wamemwomba mama aeleze kazi ya kusuka mikeka. Alhamisi mbili, saa kumi alasiri. Si una kompyuta wewe? Nakutumia anwani."

Alhamisi ya kwanza Ummy alifunga mlango wa duka mapema. Alichomeka modemu, akaandika ile anwani. Ukurasa ulifunguka. Palikuwa na maneno: Bonyeza hapa kusikiliza. Akabonyeza. Faili dogo likashuka. Kompyuta ikamuuliza alifungue kwa programu gani.

Ummy alikuwa na haraka. Alichagua programu anayoandikia barua, kwa sababu aliizoea. Chini palikuwa na kisanduku. Akakiwekea tiki bila kusoma.

Yakatokea maandishi ya ajabu, herufi na namba mstari mmoja. Sauti hakuna. Akafunga, akabonyeza tena. Maandishi yale yale. Akaongeza sauti ya spika. Kimya. Saa kumi na nusu ikapita.

Akampigia kaka yake. "Redio yenu ya uongo! Hailii!"

"Inalia, dada. Sisi tumemsikia. Mama amecheka mpaka akatokwa machozi."

Ummy aliweka simu mezani. Alijaribu kukumbuka kicheko cha mama yake kinavyoanza. Hakukumbuka vizuri, na hilo lilimuumiza kuliko kukosa kipindi.

Jumatatu alikuja Judith. Judith alikuwa mwalimu wa kompyuta katika sekondari moja upande wa Issenye. Shule zilikuwa zimefungwa, naye alikuwa kwao Nyangoto. Alitaka kopi za karatasi za shamba la baba yake.

"Dada Ummy, mbona leo umenyamaza hivyo?" aliuliza.

Ummy akamweleza yote. Judith akavuta kiti.

"Hebu nionyeshe hilo faili." Alipoliona alitabasamu. "Redio haina kosa. Kompyuta pia haina. Hili faili si sauti. Ni anwani tu ya mahali sauti inapotoka."

"Anwani?"

"Ndiyo. Ukimpa karani anwani ya mtu, atakusomea. Ukimpa bodaboda, atakupeleka. Wewe umempa karani. Programu ya barua inasoma maandishi tu, haijui kwenda kuchukua sauti. Tena uliweka tiki, si ndiyo?"

"Niliweka."

"Ile tiki ilisema: kila mara tumia programu hii. Kompyuta inakutii."

Ummy alishika kichwa. "Kwa hiyo nimeiharibu?"

"Hujaharibu kitu. Tunachagua upya. Una programu ya kuchezea muziki?"

"Ipo ile ya Hamim ya kuangalia video za harusi. Ina picha ya koni ya barabarani."

"Hiyo inatosha. Lakini shika mausi wewe mwenyewe. Nikifanya mimi, utasahau."

Ummy akashika mausi.

"Weka mshale juu ya faili. Bonyeza kitufe cha kulia, siyo cha kushoto. Umeona orodha? Tafuta panaposema fungua kwa programu nyingine. Sasa chagua ile ya koni."

"Haipo hapa."

"Bonyeza kuona programu zaidi. Usikimbie."

"Hii hapa!"

"Kabla ya kukubali, soma kisanduku cha chini."

Safari hii Ummy alisoma neno kwa neno. Kila mara tumia programu hii kwa mafaili ya aina hii. Akaweka tiki, akakubali.

Programu ya koni ikafunguka. Sekunde chache kimya. Kisha mtangazaji akasema bei ya nazi sokoni Pangani.

Ummy akaziba mdomo kwa mkono.

"Sasa funga, ufungue mwenyewe," Judith akasema. "Tena angalia bando. Redio ya mtandaoni inakula bando muda wote inapolia. Ukimaliza kusikiliza, izime."

Ummy alirudia mara tatu. Kila mara alibonyeza faili, na kila mara ikafunguka programu ya koni. Jioni akampigia kaka yake amwambie mama kwamba Alhamisi atamsikia.

Alhamisi, saa kumi kasoro dakika tano, alibonyeza peke yake. Alikuwa ameweka bando jipya. Mzee Wangwe, mchimbaji, aliingia na fomu mkononi.

"Shikamoo, mzee. Naomba unisubiri kidogo. Mama yangu anaongea."

"Marahaba. Yuko wapi?" Mzee akatazama huku na huku.

Sauti ikaja. Ilikuwa nyembamba kuliko zamani, na ilikwama kidogo kwenye maneno marefu. Lakini alikuwa yeye. Alieleza jinsi ya kukausha ukindu na kuupaka rangi. Akamkemea mtangazaji kwa kumkatiza. Mtangazaji akaomba radhi, na Bi Shamimu akacheka. Kicheko kilianza puani, kikashuka kifuani. Ummy akakikumbuka chote.

"Bibi, ulimfundisha nani kazi hii?" mtangazaji aliuliza kwa sauti kubwa.

"Binti yangu. Yuko mbali, kwenye dhahabu. Kwenye simu simsikii tena. Wameniambia leo ananisikia." Akapaza sauti. "Ummy!"

"Labeka, mama," Ummy akajibu, akiinamia spika.

Mzee Wangwe alivua kofia yake, akakaa kwenye benchi. Fomu akaiweka pembeni.