Viganja Vilivyopauka

Nikitoka shule siendi nyumbani. Nakwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kufulia, kwa sababu Mama yuko huko tangu asubuhi. Mama ni dobi. Mashuka ya nyumba tatu za wageni yanapita mikononi mwake, naye anafua, mimi nasuuza na kuanika. Kusema kweli tumechoka. Nikisikia tu maji yakimiminwa kwenye beseni, mgongo unaanza kuniuma.

Siku hiyo mwalimu wa Kiswahili alitupa kazi: sentensi tano zenye kitenzi “pauka”. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari magotini.

“Mama, nipe sentensi.”

“Kwani mimi ndiye mwalimu wako?” Alicheka kidogo, akatulia kuvuta pumzi. “Haya, andika. Shati la mteja lilipauka kwa sababu kuna mtu aliliacha kwenye dawa ya nguo akaenda kupiga soga.”

“Nani huyo?”

“Muulize mwenye daftari.”

Niliandika bila kubisha. Ya pili niliipata ukutani, ambapo rangi ilikuwa imepauka kwa jua. Ya tatu niliipata miguuni mwangu, maana asubuhi nilisahau kujipaka mafuta. Ya nne nilimtazama Mama, nikaandika: “Viganja vya mama yangu vimepauka kwa dawa ya kung’arisha nguo.” Ya tano sikuwa nayo bado.

Madobi tunaowafahamu hujivunia viganja hivyo. Ndiyo alama ya kazi, wanasema, kama fundi wa magari na kucha zake nyeusi. Kwa hiyo vya Mama vilipozidi kuwa vyeupe mwezi hadi mwezi, hakuna aliyeshtuka, hata mimi.

Mama aliinuka akamue shuka. Akayumba, akashika ukuta, akakaa chini kwenye maji.

“Mama!”

“Kizunguzungu tu. Kitapita.”

“Jana ulisema hivyo hivyo. Na juzi. Twende zahanati.”

“Wee! Mashuka yanatakiwa saa kumi. Nikikaa kwenye foleni, utayapiga pasi wewe?”

Nilikasirika, lakini zaidi niliogopa. Baba hayupo. Akianguka Mama, nitabaki na nani? Basi hapo hapo akapiga miayo, mdomo wazi, nami nikaona ulimi wake. Haukuwa na wekundu hata kidogo.

“Mama, ulimi wako nao umepauka.”

“Ni hii dawa, mwanangu.”

“Kwani unailamba?”

Alivitazama viganja vyake muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, “Nipe kanga yangu.”

Kule zahanati, muuguzi alivuta kope la chini la jicho la Mama, akaguna. Akamtoboa kidole, akachukua tone la damu kwenda kulipima. Aliporudi hakuwa anatabasamu.

“Mama, damu yako imepungua mno. Umechoka tangu lini?”

“Miezi minne. Mitano. Nilidhani ni kazi. Halafu... niliogopa. Nikilala kitandani, nani atamlea huyu?”

“Na ungeanguka kichwa chini kwenye beseni, nani angemlea?”

Mama alilia. Nami nikalia, tena kwa sauti.

Alipewa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya minyoo. Akaambiwa ale maharage, maini na mboga za majani, apunguze kazi, na avae glovu, maana hata ngozi ya mikono ilikuwa imechubuka. Aliiacha nyumba moja ya wageni. Mwenye nyumba hiyo alinuna, lakini hakufa.

Baada ya miezi miwili tulirudi kupima. Muuguzi alivuta kope tena, na safari hii ndani palikuwa pekundu.

“Sikilizeni nyote wawili,” alisema. “Dawa ya nguo inapausha ngozi ya mikono. Haifiki ulimini wala ndani ya jicho. Mkichoka, laleni. Mkilala na bado mmechoka siku baada ya siku, njooni hapa. Msijitibu kwa kuongeza kazi.”

“Nimesikia, dada,” Mama alijibu.

Nje nilianza kuelekea kwenye chumba cha kufulia, kama kawaida. Mama akanishika mkono.

“Wapi huko? Twende nyumbani.”

Tukaenda, tukalala mchana kweupe, na mashuka ya watu yakasubiri.