Kasha la Betri la Kunduchi

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne moja ya mwaka 1996, mtumbwi wa Mudathir uliingia pwani ya Kunduchi ukiwa na maiti. Marehemu alikuwa Salumu, baharia aliyefanya kazi naye kwa miaka minane. Ubavu wa kulia ulikuwa umechanika, na mkono wa upande huo ulikuwa umeishia kwenye kiwiko.

Mudathir aliruka majini huku akilia. "Betri imemuua! Betri ya Mwishehe imepasuka saa moja na nusu, tukiwa hapo tu mbele!"

Saa tatu kamili, Mwishehe, fundi wa kuchaji betri, alikuwa amesimama kando ya mtumbwi huo na Sajini Kamugisha. Kibanda chake kilikuwa kimeshatiwa kufuli la polisi.

"Kasha hili umelifunga wewe?"

"Mie, afande. Juma lililopita. Salumu alitaka kuvua dagaa kwa taa, na maji ya chumvi hayapatani na betri. Nikatengeneza kasha la mbao za mninga, mdomo nikauzungushia mpira wa tyubu, matundu ya nyaya nikayaziba kwa lami. Nikaweka na kibomba cha kupumulia, gesi isijikusanye."

"Na imejikusanya. Mpaka saa kumi, ukiwa huna la maana, nakuweka ndani kwa kosa la kuua."

Mwishehe alilisogelea kasha. Aliinama. Kasha lilikuwa vipandevipande, betri imepasuka, asidi imemwagika. Alikaa akitazama mpaka sajini akachoka.

"Unasali?"

"Afande, kitu kikipasuka kwa gesi, vipande vinakwenda wapi?"

"Vinaruka nje."

"Basi tazama. Kifuniko kimebonyea ndani. Gamba la betri limeingia ndani. Hili limepigwa, halikupasuka."

Sajini alitazama. Akaandika. "Limepigwa na nani? Gozbert alionekana jana jioni akilichezea."

Gozbert alikuwa fundi mwingine wa kuchaji betri, jirani na adui wa Mwishehe. Aliitwa, akaja.

"Nililifungua, kweli," alisema. "Nilipima mpira na kibomba. Nataka na mie nitengeneze la kwangu. Nilikuja kuiba ufundi, sikuja kuiba roho ya mtu!"

"Na uliiba vibaya," alisema Mwishehe. "Hukuona hata ninavyochanganya lami."

"Unanitukana mbele ya maiti?"

"Nyamazeni!" Sajini alifunga daftari. "Gozbert alilikuta zima, akaliacha zima. Mtumbwi ulipoondoka jana magharibi watu kumi waliiona taa ikiwaka. Basi limevunjiwa baharini."

Mwishehe aliusogelea mtumbwi tena. Chini, kati ya mbavu za mbao, magamba ya samaki yaling'aa, mabichi, mengi. Samaki hata mmoja hakuwepo.

Alikwenda msibani. Raudha, dada wa marehemu, alikuwa nyuma ya nyumba na beseni.

"Pole, dada. Najua wananilaani humu ndani."

"Mie sijakulaani. Bado nafikiri."

"Aliyeosha maiti kaona nini?"

"Anayeosha haulizwi, fundi. Aliyoyaona anakwenda nayo."

"Sawa. Nguo je? Nguo haikuapa."

Raudha alimwonesha shati kambani. "Nimelifikicha hadi vidole vinauma. Damu ilishakauka."

"Mudathir kasema amekufa saa moja na nusu, na saa mbili na dakika kumi alishafika. Damu ya dakika arobaini, juu ya maji, haiwezi kukauka hivyo." Alilinyoosha shati juani. Upande wa kushoto ulikuwa mzima. Hakuna tundu. "Na asidi ya betri ikigusa pamba, ukiifua tu inatoboka kama chujio. Hili halijaguswa hata na tone."

Raudha alimkazia macho. "Basi kaka yangu kauawa na nini?"

"Mtumbwini mna magamba mabichi, samaki hamna: wameuzwa njiani. Twende Ununio. Ndiko kwenye gati la karibu la kuuzia samaki kabla ya kufika huku."

Saa saba na robo walimkuta Mwanaasha, mkaanga samaki, mbele ya karai lake. Mwishehe alichukua samaki mmoja akambinya. Alikuwa laini kama mkate uliolowa. Akampasua: mgongo umevunjika, damu imevilia tumboni.

"Baruti," alisema, akamtupa.

"Nilinunua, sitadanganya," alisema Mwanaasha. "Nahodha mnene mwenye jino la dhahabu alikuja kwenye saa kumi na mbili na nusu. Alikuwa na haraka, akauza bei ya kutupa."

"Alikuwa peke yake?"

Mwanaasha alikoroga mafuta bila sababu. "Kulikuwa na mtu kafunikwa turubai. Nilimsikia akiugulia. Nikauliza, nahodha akasema ana homa. Yule mtu akaomba maji."

Raudha alikaa chini mchangani.

"Ukampa?" aliuliza Mwishehe.

"Nahodha alinizuia. Akasema daktari kamkataza."

Mwishehe alimwinua Raudha. Aliwahi kuona uchafu mwingi pwani hiyo, lakini huu ulikuwa wa namna yake.

Saa tisa jeneza lilitolewa. Mudathir alikuwa mbele kabisa, analia, mkono uko kwenye mti wa jeneza. Sajini Kamugisha, aliyekwisha kuelezwa yote na Mwishehe, alitokea na Mwanaasha.

"Ndiye?"

"Ndiye. Alicheka akiniuzia samaki, jino lile lile."

"Sikucheka!" alisema Mudathir, na kwa neno hilo akawa amekiri kwamba alipita Ununio.

"Hukuchelewa kuuza," alisema Mwishehe. "Ulichelewa kumpeleka hospitali."

"Utambi ulikuwa mfupi! Bomu lilimlipukia mkononi, ningefanya nini? Salumu hakutaka baruti tena, alitaka hiyo taa yako. Nikamwambia ya mwisho tu. Ya mwisho! Ningempeleka hospitali wangeuliza kilichompata. Wangenichukulia mtumbwi."

"Ulipotoka Ununio alikuwa hai?"

Mudathir alitazama watu, mmoja mmoja, akitafuta wa kumwonea huruma.

"Samaki wangeoza," alisema.

Alfajiri ile mtu alivuja damu chini ya turubai, na mwenzake alikuwa akipatana bei. Halafu akachukua jiwe la nanga akavunja betri, apate wa kumtwika lawama.

Sajini aliufungua ule mkono kwenye jeneza, kidole baada ya kidole, pingu ikiwa tayari wazi. "Twende."

"Niacheni nimzike kwanza! Ni ndugu yangu!"

Raudha alimsogelea. Wanawake hawafuati jeneza, lakini siku hiyo hakuna aliyemrudisha.

"Mchukueni upesi," alisema. "Mbele yake maiti huyu hazikwi."

Mahali pa Mudathir kwenye jeneza palibaki wazi. Gozbert alimsukuma Mwishehe begani. Mwishehe akaingiza bega lake chini ya mti, wakaondoka.